Nilivyomjazia Mwenzangu Fomu ya Gemu

Habari zilinikuta dukani kwangu Kitale, nikimtolea mwalimu mmoja nakala za mtihani. Simu iliwaka, nikaisoma, nikapiga kelele mpaka mwalimu akadhani mashine imenibana kidole. Nikamwambia hapana, ni habari njema, gemu yetu ya zamani inarudi. Alipoona kwenye simu picha ya mtu mwenye barakoa akipita katikati ya mabasi yaliyooza jangwani, alinitazama kwa huruma, akakusanya karatasi zake na kwenda zake. Sikujali. Nimepita miaka arobaini, nina watoto wawili, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na bado gemu ile ikitajwa nasahau nilichokuwa nafanya.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kampuni iliyotengeneza gemu hiyo ilikufa zamani, na sasa watu wengine wamelichukua jina na wanatengeneza sehemu ya pili. Kabla hawajafika mbali, waliweka fomu mtandaoni kutuuliza sisi wapenzi wa gemu tunataka ichezwe vipi. Tunataka ya zamu kama ile ya kwanza, ambayo unaitazama dunia kutoka juu, unamsogeza mtu wako hatua kadhaa, halafu unangoja adui naye asogee? Au tunataka ya kisasa, ambayo unaiona dunia kwa macho ya mtu wako mwenyewe, unatembea, unalenga na kufyatua papo hapo bila kungojana? Kwenye jukwaa la wapenzi watu walitukanana wiki nzima. Mimi nilikuwa wa zamu, na nitasema ukweli, nilitukana kuliko wengi. Kijana mmoja, sijui wa nchi gani, aliandika kwamba zamu ni za wazee wenye vidole vizito. Nilimjibu kwa aya saba.

Lakini hasira yangu ilikuwa na sababu ambayo sikuiandika kule. Nilitaka mwenzangu arudi. Yeye yuko Bungoma, mimi niko Kitale, na gemu hiyo tuliicheza pamoja tukiwa vijana mpaka siku familia yake ilipohama. Siku hiyo tuliahidiana kwamba sehemu ya pili ikitoka tutaicheza wote wawili, hata kama tutakuwa na mvi. Tangu hapo hajacheza gemu yoyote nami. Kila nikimwalika anacheka na kuniuliza mahindi ya Kitale yanaendeleaje. Niliamini kabisa kwamba anaingojea ileile ya zamani, na kwamba zamu zikirudi, naye atarudi.

Mama yangu alikuwa na duka la kupiga chapa Kibomet, hapahapa Kitale. Kwanza lilikuwa na taipureta, baadaye likapata kompyuta moja nzito iliyojaza meza nzima. Watu walikuja na barua za kuomba kazi, risala za harusi, na fomu. Fomu ndizo zilikuwa nyingi: za shule, za shamba, za chama cha wakulima, za kitambulisho. Wazee wetu, waliotoka upande wa Mlima Kenya na kuja kulima Trans-Nzoia, walikuwa na mtindo wao. Mtoto anayejua kusoma ndiye hujazia wote, na haulizwi kitu. Mzee anakaa kitini, anakwambia, "Andika tu vile unajua, mwanangu," anatia sahihi, anaondoka. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilijua nani alizaliwa wapi, nani ana wake wangapi, na nani hataki mke wa kwanza aione karatasi. Nilizoea kuwaamulia watu, hakuna aliyelalamika, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuja kuniponza.

Mwenzangu alikuwa mtoto wa wapangaji wa nyumba ya tatu katika ploti yetu. Baba yake alikuwa afisa wa kilimo kutoka Bungoma aliyeletwa Kitale kikazi, mtu wa suti ya kaki na baiskeli iliyong'arishwa. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake haikuweza kuona skrubu bila kuifungua. Kompyuta ya mama ikizima, aliitwa yeye. Siku moja binamu yangu aliniletea diski ya gemu kutoka Nairobi, ikakataa kuingia, na huyu jirani akahangaika nayo mpaka ikakubali. Kioo kikawa cheusi, halafu likatokea jangwa, na sisi wawili tukakaa kwenye benchi la wateja tukikodoa macho.

Tulicheza Jumapili mchana baada ya kanisa, duka likiwa limefungwa na mama akiwa kwenye kikundi cha kina mama. Mlango tuliuacha nusu wazi, msichana na mvulana, ili majirani wasipate la kusema, na jua liliingia mpaka kwenye kibodi. Dunia ya gemu ilikuwa imeungua kwa vita. Visima vimekauka, watu wanaishi ndani ya makalavati na matumbo ya mabasi. Na karibu kila kitu kilikuwa cha maandishi. Ukikutana na mtu, anakujibu kwa aya ndefu za Kiingereza chini ya kioo, nawe unachagua jibu lako kati ya manne au matano. Mimi nilisoma kwa sauti nikigeuza Kiswahili hapohapo, na kila mtu nilimpa namna yake ya kuongea. Mwenye kisima nilimfanya aongee kama katekista wetu. Muuza risasi nilimpa ulimi wa mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akitutukana tukigusa nyanya zake bila kununua. Mwenzangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Kazi yake yeye ilikuwa vita na kumbukumbu. Zamu yetu ikifika nilimpa kipanya, naye hakukigusa kwanza. Alipima. Yule yuko hatua ngapi, risasi zimebaki ngapi, tukijificha nyuma ya trela atatuona? Halafu alinigeukia, "Wewe unaonaje?" Hatukufyatua hata mara moja kabla hatujakubaliana. Adui alisimama jangwani na panga lake hewani akingoja tumalize kubishana, na mara nyingine tulikwenda kunywa chai tukamwacha hivyohivyo. Na chochote nilichomsomea mara moja hakukisahau. Wiki tatu baadaye aliweza kuniambia, "Yule mama wa kisimani si alisema tusipitie upande wa reli?" Mimi nilikuwa nimesahau hata kwamba kulikuwa na mama wa kisimani.

Kulikuwa na kosa tulilolifanya ambalo nadhani hakuna wachezaji wengine duniani waliolifanya. Hatukuweza kuacha chakula. Watengenezaji walikuwa wametawanya makopo ya mahindi na maharagwe kila pembe, wakitaka mtu aokote mawili matatu na kuendelea na safari. Sisi tulikuwa watoto wa Trans-Nzoia. Tuliijua ghala inavyokuwa mwezi wa sita, mahindi mapya shambani yakiwa bado yanafika kiunoni tu na ya zamani yakibaki vumbi. Tuliokota kila kopo. Tulijaza begi, tukamjazia na punda wa gemu, tukaitupa bunduki nzuri ili makopo yapate nafasi. Mtu wetu akawa mzito, akaburuta miguu mchezo mzima, na kila mbwa alitufikia. "Na njaa ikiingia?" mwenzangu aliniuliza siku moja nilipotaka tupunguze, na aliuliza kwa dhati. Nikaona ana haki. Miaka mingi baadaye nilisoma kwenye jukwaa kwamba katika gemu ile mtu hapati njaa kabisa, haijatengenezwa. Nilicheka peke yangu dukani mpaka machozi yakanitoka, na baada ya muda haikuwa kicheko tena. Nililikumbuka sana lile benchi.

Hatukuimaliza. Baba yake alirudishwa Bungoma mwaka tuliomaliza sekondari, na vitu vyao vikapakiwa kwenye lori asubuhi moja ya mvua. Nilimpa diski aende nayo. Aliigeuzageuza mkononi, akanirudishia. "Wacha ikae hapa," alisema. "Mimi nikienda nayo nitaifanyia nini?" Nilidhani ananipa heshima. Nililia siku mbili, mama akaniuliza kama kuna jambo ninalotaka kumwambia, nikamwambia hakuna, na kweli halikuwako lile alilolidhani. Nilikuwa nimepoteza mtu wa kucheza naye. Wakati ule sikujua kwamba mtu anaweza kukaa miaka zaidi ya ishirini bila kumpata mwingine.

Tulibaki marafiki wa simu na wa misiba. Alijifunza ufundi, akafungua karakana ya kutengeneza mashine za kusaga posho, akaoa mke mchangamfu. Barua pepe yake nilimfungulia mimi, kama nilivyowafungulia nusu ya watu wa ploti, na nenosiri lilibaki kwenye daftari langu.

Basi fomu ya gemu ilipotoka, masharti yalikuwa mepesi: kila barua pepe jibu moja. Mchana uleule, mwalimu akiwa hata hajafika shuleni, nilijaza ya mwenzangu kwanza. Sikumpigia simu. Haikunipitia hata kichwani kumpigia. Nilichagua zamu. Walipouliza kama anataka wahusika waongee kwa sauti au mazungumzo yabaki maandishi kama zamani, nilichagua maandishi. Kwenye nafasi ya maoni nikaandika kwa niaba yake: nataka kusoma, nataka kufikiri, sitaki kukimbizwa. Nikatuma, nikajisikia vizuri sana. Yangu niliiacha kwanza, na mabishano ya jukwaani yalipoanza nikazidi kuichelewesha, kwa sababu nilitaka maoni yangu niyaandike kwa ufasaha utakaomnyamazisha yule kijana wa vidole.

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka mapema nikaenda Bungoma, laptopu begani na mfuko wa maparachichi mkononi. Mkewe alinipokea langoni.

"Mulembe! Karibu, dada. Huyu mtu wako ako huko nyuma, amelala chini ya mashine tangu asubuhi."

Alitoka chini ya mashine akifuta mikono kwa kitambaa. Amenenepa kidogo, na ndevu zimeanza kuwa nyeupe kidevuni. "Sasa wewe! Kitale wamekufukuza?"

"Nimekuja kukuona kabla hujazikwa na hizi vyuma zako."

Tulikunywa chai na njugu hapohapo karakanani. Nikamwambia nina habari, naye akanikata. "Ya gemu? Nimeona ile video yao ya kuitangaza kwa simu. Nimeiangalia mara nne." Uso wake ulikuwa wa yule kijana wa benchi. "Umesikia vile mtu anatembea kwa mchanga? Unasikia viatu. Unasikia upepo ukigonga mabati. Hawa watu wamefanya kazi, bana."

"Tulia, hiyo ni video tu," nilisema. "Wameuliza watu wanataka gani. Lakini wewe usijali, nishakujazia. Nimewaambia unataka zamu, na maandishi mengi kama zamani."

Aliweka kikombe chini. "Umenijazia."

"Si unanijua."

"Umeniuliza?"

Sikuwahi kumsikia akiongea vile. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwaka haraka, sikusimama kufikiri. Nikamwambia tuliahidiana. Nikamwambia mimi nimepigana na dunia nzima kwenye jukwaa kwa ajili ya gemu yetu, ati yeye anakuja kushangilia viatu kwenye mchanga kama watoto wa kufyatua. Nilisema mengi. Mkewe, aliyekuwa ameleta chai ya pili, aliiweka juu ya pipa la mafuta na kurudi ndani taratibu.

Mwenzangu alingoja mlango ufungwe. "Mimi siwezi kusoma ile kitu," alisema.

"Nani hawezi? Si tulimaliza sekondari mwaka mmoja?"

"Nilimaliza. Umewahi kuuliza nilipata nini?" Aliangalia mikono yake. "Maneno yanaruka. Tangu darasa la pili. Nikishika mstari, neno moja linaenda huku, lingine kule. Polepole naweza, moja moja. Lakini ile ya gemu ilikuwa inajaa kioo yote. Sikuwa nasoma hata kidogo. Nilikuwa nakusikiliza."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisomea. Ningesema ya nini?"

Yeye aliendelea, polepole, kama mtu aliyekuwa amepanga maneno haya siku nyingi. "Tulipohama, gemu iliisha kwangu. Sikuwa nimeichoka. Kila mara ukipiga simu uniambie tucheze, ni kitu ya kusoma. Nikacheka tu. Sasa hii mpya nimeona watu wanaongea kwa mdomo. Njia unaiona kwa macho. Nilijiambia, hii naweza. Hata bila mtu."

Niliona aibu. Miaka yote ile nilikuwa nimejivunia kwamba tulipenda kitu kimoja. Mimi nilipenda kusoma, yeye alipenda kusomewa, na kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na mtu niliyekaa naye benchi moja miaka mitatu bila kumwona. Ningeweza kujua. Mtu anayekumbuka kila neno alilosikia, na hajawahi hata siku moja kusema, "Hebu sogeza nisome mwenyewe." Mimi niliyejisifu kwamba najua siri za ploti nzima.

Nikafungua laptopu juu ya meza ya kazi, kati ya spana na mikanda ya mashine, nikaingia kwenye barua pepe yake. Fomu ilikataa. Jibu lilikuwa limepokelewa na halibadilishwi. Nikajaribu tena, nikajaribu kwa njia nyingine, nikatukana kwa Kikuyu.

"Wacha," alisema. "Ni fomu tu." Lakini aliinuka akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Nilikaa pale nikitazama kioo. Nilikuwa na fomu moja tu iliyobaki, yangu, na muda wa kutuma fomu ulikuwa unaisha siku ile jioni. Maoni yangu nilikuwa nimeshayaandika pembeni, kurasa mbili nzuri kuhusu uzuri wa kungojana. Niliyasoma mara moja kimoyomoyo. Bado nayaamini kila neno. Kisha nikafungua fomu tupu, nikamwita akae.

"Hii ni yangu, lakini utajibu wewe," nilimwambia. "Mimi nasoma tu."

"Ati nini? Hapana. Wewe jaza yako."

"Kaa chini, tafadhali."

Alikaa. Nilimsomea swali la kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, bila kuigiza mtu yeyote, nikangoja. Nilikuwa nimejaza fomu za watu maelfu, na nadhani ile ilikuwa ya kwanza kuijaza nikiwa nimenyamaza. Unataka kuitazama dunia kutoka juu au kwa macho ya mhusika? Kwa macho ya mhusika. Kidole changu kiligoma kidogo, halafu kikabonyeza. Unataka mazungumzo ya maandishi au ya sauti? Ya sauti, yote, hata ya yule mtu mdogo anapita njiani tu. Mapigano yawe ya zamu au ya papo hapo? Hapo alifikiri sana, akasema papo hapo, lakini kuwe na mahali pa kusimamisha, mtu apumue na kuangalia kabla ya kuendelea, kwa maana si kila mtu anapenda haraka. Kwenye maoni alitaka waweke picha kwenye vibao vya barabarani na kwenye makopo, chumvi iwe na picha ya chumvi, sumu iwe na picha ya sumu. "Na uandike hivyohivyo," aliniambia. "Usitengeneze."

Sikutengeneza. Nilisikia vizuri kwa mara ya kwanza jinsi alivyoijua gemu ile. Alizungumza juu ya milima na ukimya wa dunia ile na jinsi anavyotaka kufika mahali asipojua na kujionea mwenyewe kuna nini, na hakuna chochote katika hayo kilichokuwa kwenye kurasa zangu mbili. Mkewe alikuja akasimama mlangoni akisikiliza, akaniuliza kwa macho kama kuna shida. Nikatikisa kichwa.

Swali la mwisho lilikuwa dogo, la kuteua tu. Lingekuwa limejazwa na kutumwa zamani kama ningekuwa Kitale. Nililisoma kimoyomoyo kwanza, nikaomba lisiwe linasema ninachodhani linasema. Kisha nikamsomea. Sehemu mpya ikitoka, unatarajia kuicheza na mwenzako au peke yako?

Alinitazama, akatazama kioo asichoweza kukisoma, akanitazama tena.

"Peke yangu," alisema. "Si vibaya?"

"Si vibaya," nilisema.

Iliniuma sana. Nikabonyeza jibu lake kama alivyolitoa, nikatuma.